Sumu Haijui Shikamoo

Wenzangu mliobaki ghalani, mmeniomba niandike kabla sijasahau. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba hamtanidai habari za vyeo. Umri wa kustaafu wa kisheria bado haujanifikia. Niko kwenye arobaini na kitu na magoti yangu yanafanya kazi. Nimejistaafisha mwenyewe. Miguu yangu haijawahi kupenda kukaa mahali pamoja, na nilikaa na ninyi miaka mingi kuliko nilivyokaa popote kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa ya kutembea.

Nilizaliwa kwenye kambi ya mkonge, baba akiwa Mshambaa aliyeshuka milimani kutafuta kibarua na hakurudi tena. Nilipomaliza kidato cha nne nilijaribu vitu vingi: kuuza vitambaa Muheza, kuchuma chai kule Amani, kuhesabu magunia bandarini. Hakuna hata kimoja kilichonishika. Kisha jirani akaniambia kuna ghala la kemikali Tanga mjini linatafuta mtu anayejua kusoma lebo. Nilicheka. Nani asiyejua kusoma lebo?

Siku ya kwanza nilivaa gauni la kanisani na viatu vya wazi. Mlangoni alikuwapo mzee mfupi, amevaa kofia ya kiua na juu ya kofia hiyo amevaa kofia ngumu ya njano. Huyo ndiye Mzee Mwinjuma, msimamizi wa ghala, Mdigo wa kwao hasa, ambaye wengi wenu mmesikia jina lake tu.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba. Miguu hiyo umekuja nayo ya nini?"

Sikuelewa. Akaelekeza kidole kwenye viatu vyangu. "Humu ndani mna asidi, mna klorini, mna kostiki soda, mna dawa za magugu. Hakuna hata moja iliyolelewa. Mimi unaniamkia kwa sababu mama yako alikufunza adabu. Hizo hazikufunzwa. Sumu haijui shikamoo. Rudi ukavae buti."

Nikarudi. Kazi yangu ya kwanza katika maisha ya usalama kazini ilikuwa kupanda basi kwenda nyumbani.

Mzee Mwinjuma hakufundisha kwa makaratasi, ingawa makaratasi aliyaheshimu na yalikuwa yamebandikwa ukutani ndani ya plastiki. Alifundisha kwa ndoa. Asidi na klorini, alisema, ni wake wenza. Kila mmoja peke yake ni mtu mwema anayefanya kazi yake. Ukiwaweka chumba kimoja wakagusana, moshi utakaotoka utamwua mume. Salfa ya kupulizia mikorosho ni mtoto wa kambo, usimlaze karibu na moto. Na mitungi ya gesi ni wachumba: ifungwe mnyororo, isimame wima, isiachwe peke yake gizani. Nilipokuja kusoma sheria yenyewe miaka ya baadaye, kwenye semina yenye soda na sambusa, nilikuta yale yale, ila pasipo ndoa. Semina ya Mzee Mwinjuma nilikuwa naielewa zaidi.

Sheria kwa ufupi ndiyo hii, na naiandika kwa kuwa najua kuna mmoja wenu husinzia semina. Mwenye mali ana wajibu wa kujua ana nini ghalani, kukiandika kwa lebo, kukitenganisha, kuwapa watu vifaa vya kujikinga bila kuwatoza, na kuwafundisha. Anayesafirisha ana wajibu wa kuweka kibao cha hatari kwenye gari na kujua la kufanya likipinduka. Na wewe mfanyakazi una wajibu wa kuvaa ulichopewa, kufuata ulichofundishwa na kusema unapoona hatari. Hilo la kusema ndilo gumu kuliko kubeba pipa. Nitalifikia.

Nilipenda safari. Nilipewa kazi ya kusindikiza mizigo, maana dereva peke yake hakuruhusiwa. Dereva wetu alikuwa Bakari, mtu wa Makorora, mnene, mcheshi, anayeimba kaswida kwenye kona za kwenda Amani ambako mimi nilikuwa nasali kimyakimya Kilutheri. Tulipeleka dawa ya magugu kwenye mashamba ya chai, tukiteremka breki zinanuka na ukungu umeshika kioo. Tulikwenda Horohoro na klorini ya kusafishia maji inayovuka mpaka. Pale Horohoro nilijifunza subira, kwani kibao cha hatari kikiwa kimepinda kidogo tu gari linakaa pembeni hadi kinyooke. Bakari alikuwa akiniambia:

"Dada Upendo, kibao kile kimenyooka kuliko ndoa yako."

"Mimi sina ndoa."

"Ndiyo hivyo. Hicho angalau kipo."

Hayo ndiyo yalikuwa maisha, nami nayakumbuka hadi harufu ya mahindi ya kuchoma tuliyonunua dirishani. Lakini mliniomba kesi ngumu. Ninayo moja, na ndani yake mna pilau.

Wote mnajua shida ya maji mitaani kwetu. Maji yanatoka leo, kesho hayatoki, kwa hiyo pipa la plastiki lenye mfuniko ni mali kuliko kabati. Ghala letu lilikuwa na mapipa ya buluu mazuri, na kila aliyepita getini aliyatamani. Hapo ndipo palipokuwa na kanuni ya Mzee Mwinjuma ambayo ilimletea maadui mtaa mzima: pipa lililowahi kubeba sumu halitoki likiwa zima. Linatobolewa kwa mtaimbo, tundu chini na tundu ubavuni, ndipo lichukuliwe na gari la taka za hatari. Plastiki hunywa dawa, alisema. Unaweza kuliosha hadi mikono ichubuke, lenyewe litakaa na siri yake, kisha siku ya joto litaitema kwenye maji ya mtoto. Pipa tupu ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu lililojaa kila mtu analiogopa.

Ruhusa ilikuwa moja tu. Tulikuwa pia na sabuni ya maji, nayo ilikuja kwenye mapipa ya buluu yale yale. Hayo, yakisha kuoshwa, mfanyakazi mwenye shughuli nyumbani aliweza kupewa. Ikawa desturi ya ghala: mwenzetu akioza mtoto, hatuendi mikono mitupu, tunapeleka mapipa ya sabuni. Watu walijivunia. Makorora palikuwa na nyumba zinazoonyesha pipa sebuleni kama picha ya harusi.

Bakari akaja kumwoza binti yake Zuhura. Kwa wiki nzima kabla ya hapo hakuimba kaswida, alizungumza wali. Mimi nilipangiwa Horohoro na dereva mwingine, nikamwahidi Bakari kwamba Jumamosi ya harusi nitakuwa nimerudi.

Nilirudi asubuhi ile, nimechoka, nataka kuacha vibao na funguo niende nikaoge. Nilipoingia uani, jambo la kwanza nililoona ni mapipa ya sabuni. Yalikuwa nyuma ya foklifti, na vipande vya lebo bado vimeshika. Kumbe nilipokuwa safarini ulikuja mzigo mpya, wakayasogeza kupata nafasi. Nikatazama pale yalipokuwa yakikaa zamani. Palikuwa patupu. Pale, nikaambiwa na mlinzi, walikuwa wameweka mapipa ya dawa ya magugu yanayosubiri kutobolewa. Jua lilikuwa limekwisha kuzibandua lebo zake.

"Yako wapi?"

"Kayachukua Mzee Mwinjuma jana. Ya harusi ya Bakari. Kayanusa mwenyewe, akasema sabuni hiyo."

Mzee Mwinjuma alikuwa na msemo mwingine ambao sijauandika hapo juu kwa kumsitiri: pua yangu ndiyo lebo. Miaka yote ile pua haikuwahi kumwangusha. Naye nilipoondoka nilimwacha na mafua.

Nikampigia simu, imezimwa. Nikampigia Bakari. Akapokea katikati ya ngoma na kelele za watu, akasema, "Unakosa, njoo!" na akakata kabla sijafungua kinywa. Nikachukua mtaimbo, sijui kwa nini, nikapanda bodaboda. Dereva akautazama.

"Unakwenda kupigana, dada?"

"Nakwenda harusini."

"Haya. Shika vizuri."

Njia nzima nilikuwa na mambo mawili kichwani. La kwanza, maji yale yataingia sufuriani na mtaa mzima utakula sumu. La pili, na nakiri lilinisumbua karibu sawa na la kwanza, namna ya kumwambia mzee aliyenifundisha kazi, mbele ya wakwe na mashehe, kwamba zawadi yake ni sumu. Ninyi mnajua kwetu pwani. Mtu humsahihisha mzee faraghani, na hata faraghani huzunguka kwanza.

Nilikuta turubai limefungwa kutoka nyumba hii hadi ya pili, vitunguu vinakaangwa, moshi unatoa watu machozi ya furaha. Mapipa yalisimama kando ya jiko, yamejaa pomoni tangu jana jioni, yamevishwa kanga. Kwenye viti vya mbele Mzee Mwinjuma amekaa na kanzu nyeupe, wazee wenzake wanamsifu kwa mapipa. Na mpishi mkuu, Bi Mwanaidi, mama wa mikono mizito ambaye hakuna shughuli Makorora iliyoiva bila yeye, alikuwa ameshika kata anainamia pipa la kwanza.

"Bi Mwanaidi! Usichote!"

Akageuka taratibu. Akanitazama: buti, suruali ya kazi, mtaimbo.

"Na wewe ni nani unanizuia jikoni kwangu? Mkaguzi?"

"Ndiyo, bibi. Mkaguzi."

Wanawake wakacheka. Nikamsogelea, nikamnong'oneza kwamba mapipa si ya sabuni. Nilidhani kunong'ona kutasaidia. Bi Mwanaidi hakuwa na sauti ya chini.

"Si ya sabuni? Mbona yana povu? Nimewaambia hawa, maji haya yana povu, wakasema ni sabuni haijasuuzwa!" Akaiweka kata chini. "Vitunguu vinaungua. Nipe sababu au nipishe."

Kila mtu sasa alikuwa anatazama. Nikaacha mtaimbo ukutani, nikaenda viti vya mbele, nikapiga goti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umewahi. Mbona na buti?"

"Mzee, sabuni iko uani, nyuma ya foklifti. Nimeiona sasa hivi na lebo yake."

Akayageukia mapipa. "Na haya?"

"Yalikuwa yanasubiri kutobolewa."

"Niliyanusa."

"Ndiyo, Mzee. Una mafua."

Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akakohoa, akasema kwa upole wenye miiba, "Binti, huyu ni mkubwa wako. Akisema kanusa, kanusa."

Hapo ndipo nilipojua kwamba lile la wajibu wa kusema, lililoandikwa kwa mstari mmoja ukutani mwetu, aliyeliandika hakuwahi kukaa mbele ya wakwe. Kisha maneno yakatoka, na hayakuwa yangu.

"Sumu haijui shikamoo, Mzee. Umenifunza wewe."

Mzee Mwinjuma aliziangalia buti zangu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka. Akasimama, akakunja mikono ya kanzu.

"Mnasikia?" akawaambia wazee wenzake. "Huyu alikuja kwangu na viatu vya wazi. Bakari! Gari liko wapi?"

Bakari alitokea ndani, amepakwa manukato, haelewi chochote. Alipoelewa, uso wake ulibadilika mara tatu na wa mwisho ulikuwa wa dereva; akapiga simu ghalani gari liletwe na vifaa vyake. Bi Mwanaidi, mwanamke wa vitendo, alikwisha kushika ukingo wa pipa kulimwaga mferejini.

"Usimwage!" tukapiga kelele sote watatu kwa pamoja.

Maana hapo napo pana sheria, na safari hii ni Mzee Mwinjuma aliyeieleza, amesimama juu ya kiti kama khatibu: maji yale sasa ni taka za hatari, mfereji ule unapita visima vya watu hadi baharini, hayamwagwi popote. Yafunikwe, yapakiwe, yarudi ghalani. Waliotia mikono majini jana na leo wanawe kwa sabuni na maji mengine, na aliyenawa uso aende zahanati. Alikuwa mmoja, shangazi wa bibi harusi. Alichunguzwa akaambiwa yu mzima, na alirudi mapema kuliko pilau, akalalamika kwamba halijaiva.

Kisha Makorora ikaona kitu ambacho haijaona tena. Baba wa bibi harusi, kanzu ya hariri, glavu za mpira hadi kwenye viwiko, analisukuma pipa kwenye ubao. Wakwe wanashika upande wa pili. Yule mzee wa miiba alipewa kizibao cha rangi ya machungwa asimame barabarani azuie bodaboda, na aliipenda kazi ile mno; tulimwomba akivue akakataa. Gari lilipoondoka likiwa na mapipa, na kibao cha hatari mbele na nyuma kama inavyotakiwa, wanawake walipiga vigelegele. Watoto walidhani ni bibi harusi anayechukuliwa.

Maji? Bi Mwanaidi alitoka hadi njia panda akafungua ile sauti yake. "Nyumba moja, ndoo moja! Ya kunywa, si ya kufulia!" Zikaja ndoo za kila rangi, madumu, sufuria, hata birika moja la bibi kizee asiye na zaidi. Pilau lililiwa baada ya alasiri badala ya adhuhuri, na sijawahi kula tamu kama lile. Lilikuwa na maji ya kila nyumba ya mtaa ule.

Jioni Mzee Mwinjuma alinitafuta. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi kwa kumsema mbele za watu. Hakunipa nafasi.

"Mtaimbo uko wapi?"

"Ukutani."

"Jumatatu utakuwa wako. Mimi nitabaki na pua, ya kunusia biriani."

Jumatatu alikwenda mwenyewe kwa meneja akaeleza yote kabla ya mtu mwingine. Meneja akasema kosa linaanza kwake, kwa kuwa mwenye ghala ndiye anayepaswa kuhakikisha lebo haitegemei jua wala pua ya mtu. Tangu siku ile alama zinapigwa kwa rangi kwenye pipa lenyewe, tupu au limejaa. Linalokwisha leo linatobolewa leo. Uzio wenye kufuli ukajengwa. Na hakuna pipa, hata la sabuni, linalokwenda nyumbani kwa mtu. Desturi hatukuiua, mwenzetu akioza tunachanga, tunanunua pipa jipya dukani, na Mzee Mwinjuma hadi anastaafu alikuwa ndiye wa kulikabidhi. Kila mara alisimulia kisa hiki akijicheka mwenyewe, na kila mara mafua yake yalizidi kuwa makali katika simulizi.

Niliushika mtaimbo ule hadi mwezi uliopita, nilipomkabidhi Salma. Mlinipa pipa jipya la buluu lenye utepe mwekundu, na Bakari, mvi tupu sasa, alikuja kuniimbia kaswida nzima. Ahsanteni. Nalitumia.

Juzi nilikuwa napita, miguu ikanileta yenyewe. Nilikuwa na gauni, na viatu vya wazi, natoka kanisani. Nikawaona mnashusha mzigo, nikatamani, nikaingia getini kama kwangu. Salma akatoka mbio na kofia ya njano, akanyoosha mkono mbele yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje?"

"Salama. Buti zako ziko wapi?"

Nikafungua kinywa kumkumbusha mimi ni nani. Nikakifunga. Nikageuka, nikaenda kituoni kupanda basi la nyumbani, na nilicheka peke yangu njia nzima hadi konda akaniuliza kama nina harusi.